Mafunzo Niliyopata Kuhusu Goti la Mchezaji

Nimefundisha soka la vijana hapa Masama kwa miaka mingi, kwenye viwanja vinavyofuata mteremko wa mlima. Haya ni kwa kijana anayeitazama Ligi Kuu.

1. Goti huchanika bila rafu

Winga wetu alikuwa na mpira, beki bado yuko mbali. Akakita mguu ili ageuke, tukasikia mlio, akaanguka. Mashabiki wakamgeukia refa, lakini hakuna aliyemgusa. Nilishangaa sana. Kumbe kano ya mbele ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, mara nyingi huchanika hivyo: mguu umeganda chini, mwili unageuka, goti linaingia ndani. Kutua na miguu iliyonyooka baada ya kupiga kichwa nako ni hatari. Tangu hapo kila mchezaji wangu hujifunza kutua amekunja magoti, yakielekea usawa wa vidole.

2. Wasichana wamo hatarini zaidi

Binti mmoja alikuja mazoezini na njumu za kaka yake, na mazoezi ya nguvu hakuwahi kupewa na mtu. Alipotua, magoti yaligongana. Wanawake huchanika kano hiyo mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Leah Williamson, Beth Mead na Vivianne Miedema, wote wakiwa wachezaji wa Arsenal wakati huo, walikosa Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 kwa sababu hiyo. Binti anahitaji misuli ya nyuma ya paja iliyo imara, na viatu vyake mwenyewe.

3. Meno marefu kwenye ardhi kavu

Kiangazi uwanja hukauka. Meno ya njumu yakinasa, mwili hugeuka na mguu hubaki. Vaa njumu zenye meno mafupi.

4. Uvimbe ukiisha, goti halijapona

Kijana mmoja aliyeumia goti alirudi kwenye ndondo mara uvimbe uliposhuka. Goti likamtoka tena. Aliyewahi kuumia ndiye aliye karibu zaidi kuumia tena, na baada ya upasuaji wataalamu hutaka angalau miezi 9 kabla ya kurudi uwanjani. Goti likivimba ghafla, nenda hospitali ya KCMC kabla ya kwenda kwa mchua misuli.

Nanyi makocha wenzangu, FIFA 11+ ni mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi, na hayadai vifaa vya gharama. Utafiti wa Norway wa 2008 kwa wasichana ulionyesha majeraha yakipungua kwa karibu theluthi moja. Tuyaanze wiki hii.