Kuni za Benaco: Dhima ya tabianchi ni ya nani?

Suala la mabadiliko ya tabianchi likitajwa, wengi wetu huwa na majibu mawili. La kwanza: "Hayo ni ya Wazungu na viwanda vyao." La pili, hasa kwa ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo: "Misitu yetu ilimalizwa na wakimbizi." Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini je, yanatuondolea dhima?

Tuanze na hilo la wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Benaco ikageuka mji kwa usiku mmoja. Kwa takwimu za UNHCR, mwanzoni mwa 1996 kambi za mkoa wa Kagera ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Kilometa za mraba 570 za misitu ziliathirika, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya.

Sasa tupige hesabu. Tani 1,200 ni kilo 1,200,000. Kambini walikuwemo watu nusu milioni na ushei. Kwa hiyo kila mtu alitumia kama kilo mbili tu kwa siku. Mama aliyetoka na panga asubuhi hakukusudia kuangamiza msitu. Alitafuta kuni za kuivishia maharage ya watoto wake. Hakuna wa kunyooshewa kidole peke yake, na bado msitu uliteketea.

Anga nayo huharibiwa hivyo hivyo. Mti unapokua hufyonza hewa ya kaboni. Ukichomwa, hewa ile hurudi angani, na usipoota mwingine, hubaki huko ikizidisha joto. Ni kweli nchi tajiri ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya gesi hizo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 ulikiri kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani. Kutolingana, hata hivyo, si kufutiwa.

Wanyarwanda wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996. Lukole, kambi ya Warundi huko huko Ngara, ilifungwa 2008. Suala la kujiuliza ni hili: miti inayokatwa leo inakatwa na nani? Na mkaa wake unachemsha chai ya nani mjini?

Tunajua tofauti ya fardhi ain na fardhi kifaya. Swala tano hakuna wa kukuswalia. Swala ya maiti wakiiswali baadhi, dhima inawaondokea wengine. Wote wakiiacha, wote wana makosa. Suala hili lina sura zote mbili.

La kila mmoja ni jikoni kwake. Loweka maharage usiku kucha, pasua kuni na uzikaushe, funika sufuria, tengeneza jiko banifu la udongo. Hayo yalifundishwa kambini, na hayahitaji mfadhili.

La pamoja ni lile ambalo mtu mmoja haliwezi: kitalu cha miche cha kijiji, ulinzi wa vyanzo vya maji, sheria ndogo inayombana mwenye tajiri wa mkaa sawasawa na mama mwenye mzigo wa kuni. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Wananchi wana haki ya kuuliza mtungi wa gesi utafikaje kijijini, na kwa bei gani.

Tuwadai matajiri wa dunia walipe, kwani ni haki yetu. Lakini madai hayo yatakuwa na uzito zaidi mdomoni mwa mtu ambaye nyuma ya nyumba yake kuna miti inayoota. Benaco ilikwisha kwa kilo mbili mbili. Na itarudi kwa mche mmoja mmoja, tukipanda wote.