Kwa Nini Nati Hulegea

Somo la mwezi huu ni la kitu kidogo ambacho wengi wetu hukishika kila juma wala hatukifikiri: nati na bolti yake. Viwili hivi hushika magurudumu ya basi tunalosafiria, pedali za baiskeli ya mwinjilisti azungukaye mitaani, vyuma vya paa, na mti uchukuao kengele. Vikishika, hakuna avitajaye. Vikilegea, roho za watu zimo hatarini. Basi yatupasa kujua kwanza kwa nini vinashika. Maana asiyejua sababu ya kushika hataijua sababu ya kulegea, naye atakaza kwa nguvu za mikono tu na kudhani kazi imekwisha.

Twaeni karatasi, mkaikate iwe pembetatu yenye mteremko, kisha mkaizungushe kwenye kalamu. Ukingo ulioinama utaonekana ukipanda kalamu kwa kuizunguka. Hiyo ndiyo hesi ya bolti, yaani ile mikato ambayo mafundi wengine huiita meno: ni mteremko mrefu uliovingirishwa juu ya chuma. Tunapoikaza nati, tunaipandisha mteremko ule. Nayo ikiisha kubeba mzigo, kila saa yataka kuteremka. Kiizuiacho ni msuguano wa chuma juu ya chuma.

Tena msuguano huo hauji wenyewe, bali watoka katika kuvutwa kwa bolti. Chuma chaonekana kigumu kama jiwe, lakini kwa kweli kina tabia ya mpira: ukikivuta hurefuka, ukikiachilia hurudi. Bolti ya chuma kigumu yenye urefu wa milimita 100 toka kichwa hata nati, ikikazwa barabara, hurefuka kadiri ya sehemu mbili za kumi za milimita, yaani kama unene wa karatasi mbili za daftari. Katika urefu huo mdogo ndimo ilimo nguvu yote. Bolti yataka kurudi katika ufupi wake, na kwa kutaka hivyo yavibana vitu viwili pamoja kwa nguvu ya tani kadhaa.

Angalieni basi neno litokalo hapo. Ikiwa kati ya vitu vile pana rangi, kutu, matope au mchanga, hivyo vitasagika polepole garimoja likitikisika njiani. Vikipungua kwa unene wa karatasi moja tu, nguvu nyingi ya kubana imekwisha kupotea, na nati haikuzunguka hata kidogo! Mwenye gari aweza kuitazama nati yake na kuapa kwamba iko palepale alipoiacha, naye asema kweli, lakini haishiki tena. Kwa hiyo wale wapendao kupaka rangi magurudumu ili gari lipendeze, na wapake nje; mahali gurudumu linapokutana na kitovu pawe chuma kitupu, kisafi. Kwa sababu iyo hiyo bolti fupi hulegea upesi kuliko ndefu: kurefuka kwake ni kudogo sana, na upungufu kidogo tu huumaliza.

Hata mwaka 1969 watu wengi walidhani kwamba nati hulegezwa hasa na kuvutwa juu na chini kufuata urefu wa bolti. Mwaka huo mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alitangaza majaribio yake, akaonyesha kwamba adui mkubwa ni mwendo wa kwenda upande na upande. Vitu viwili vilivyobanwa vikiteleza mmoja juu ya mwingine, hata kidogo sana, msuguano unashindwa kwa kitambo, na nati hupata nafasi ya kuteremka mteremko wake. Mfano wake ni gunia lililowekwa juu ya ubao ulioinama. Likiachwa, latulia, ubao ukitikiswa huku na huku, lateremka lenyewe, ingawa hakuna aliyelisukuma. Basi dawa ya kwanza ni kuvibana vitu vile hata visiweze kuteleza kabisa. Mengine yote yafuata nyuma ya hilo.

Pengine msomaji atauliza: Je, nikikaza sana kwa spana ndefu, si yatosha? La, haitoshi, na sababu ni hii. Tukiigawa juhudi ya mkono katika sehemu 100, kadiri ya 50 huliwa na msuguano chini ya nati, na kadiri ya 40 huliwa na msuguano wa hesi. Zinazobaki kuivuta bolti ni kama 10 tu. Nati yenye kutu huweza kulia na kugoma mikononi mwa fundi mwenye nguvu, na kumbe bolti haijavutwa. Ukiitia mafuta bolti iyo hiyo, mkono ule ule huivuta kupita kiasi. Ndiyo maana yapasa kufuata agizo la mtengenezaji wa gari, kama hesi iwe kavu au iwe na mafuta, na kutumia spana yenye kipimo palipo nayo. Desturi ya kuvika bomba kwenye mpini wa spana na kulisimamia kwa miguu hatuipendi hata kidogo. Bolti iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Imekuwa kama mpira uliochoka, na siku yoyote yaweza kukatika.

Mambo haya si ya gereji tu. Mahali njia ya reli inapogawanyika, reli mbili zinazosogea hufungamanishwa kwa vyuma vya katikati, ili ziende pamoja kushoto au kulia. Vyuma hivyo hushikwa na bolti na nati. Tarehe 10 Mei 2002, huko Potters Bar, kaskazini mwa London, nati za vyuma vile zilikuwa zimefunguka; treni ikaacha njia, na watu 7 wakafa. Tarehe 23 Februari 2007, katika Uingereza iyo hiyo, treni iliyotoka London kwenda Glasgow ilifika Grayrigg usiku kwa mwendo wa kilomita 150 na zaidi kwa saa. Hapo napo bolti zilikuwa zimelegea, vyuma vimeachana, na reli moja ikawa huru. Mabehewa yakaanguka, mtu 1 akafa, na wengi wakaumia vibaya. Wachunguzi wa serikali waliona kwamba ukaguzi uliopangwa kufanywa tarehe 18 Februari, siku 5 kabla ya ajali, haukufanyika mahali pale. Nchi ile ina wahandisi wengi na vyombo vya kila namna. Lakini nati yalegea huko kama ilegeavyo kwetu, ikiwa hapana aendaye kuitazama.

Sasa twaja kwenye vyombo vya kuzuia, ambavyo watu huvitumainia mno. Yafaa kutofautisha mambo mawili: kulegea na kudondoka. Nati yenye pete ya nailoni ndani yake, na nati yenye mapengo juu kama taji, ipitishwayo pini katika tundu la bolti, hizo huzuia nati isidondoke. Ni faida kubwa sana kwa viungo vya usukani. Lakini bolti yaweza kupoteza mvuto wake huku pini ingali mahali pake. Nati ya nailoni isiwekwe karibu na moto wa injini, kwa kuwa joto likipita nyuzi 120 hivi nailoni hulainika. Wala isifunguliwe na kurudishwa mara nyingi.

Washa ya springi, ile iliyopasuliwa upande mmoja, yapendwa kila mahali, nasi twajua tutawaudhi baadhi ya mafundi kwa kusema haya. Springi yake ni dhaifu kuliko bolti. Kabla bolti haijafika nusu ya nguvu zake, washa imekwisha kulala bapa, na toka hapo ni washa kama washa nyingine. Wajerumani waliifuta kanuni yao ya washa hizo mwaka 2003. Gundi ya hesi ni bora zaidi: ilibuniwa Marekani mwaka 1953 na Vernon Krieble, mwalimu wa kemia, nayo hukauka pale inapobanwa kati ya chuma na chuma pasipo hewa. Lakini hesi iwe safi, isiwe na mafuta.

Wengine hutumia nati mbili, moja juu ya nyingine, na hufanya vema, ila wengi hukosea mpango wake. Nati nyembamba hutangulia, nene hufuata juu yake. Ya chini ishikwe kwa spana isizunguke, na ya juu ikazwe juu yake kwa nguvu, kwa sababu ya juu ndiyo itakayobeba mzigo.

Na magurudumu je? Kazeni nati kwanza kwa nguvu kidogo zote, kwa kuruka toka moja hata ile inayoielekea ng'ambo, wala si kwa kuzunguka kwa zamu. Kisha zirudieni kwa nguvu kamili. Gurudumu lililofungwa upya likaguliwe tena baada ya kilomita 50 hata 100, kwa maana hapo ndipo rangi na vumbi vimekwisha kusagika. Kwa hiyo abiria wakinung'unika kwamba dereva amesimamisha basi njiani ili akaze nati, na wanyamaze. Chora pia mstari wa rangi toka nati hata gurudumu: mstari ukivunjika, nati imezunguka. Vile vishale vidogo vya plastiki mnavyoviona kwenye nati za malori mengine ni kwa kazi hiyo hiyo. Mkiona michirizi ya kutu ikitoka chini ya nati, msingoje mstari. Na wenye baiskeli wakumbuke kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume, kwa kuzungusha upande wa kushoto. Wengi wameiharibu hesi kwa kutojua hilo.

Limebaki neno la bolti zishikazo mbao. Mti mbichi hunywea upana wake unapokauka, hata milimita kadhaa katika boriti nene, na bolti iliyokazwa siku ya ujenzi hubaki ikicheza ndani ya tundu lake. Chini ya nati na chini ya kichwa wekeni washa pana, zisizame katika mti. Halafu, mwisho wa kiangazi cha kwanza, kabla ya mvua kuanza, fundi apande na spana akaze bolti zote za paa na za mti wa kengele. Na mwaka wa pili afanye vivyo hivyo, hata aone kwamba spana haipati tena cha kukaza.