Somo la Sita: Mipangilio ya Kiwandani na Usalama wa Majina ya Tovuti

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza jinsi jina la tovuti linavyogeuzwa kuwa anwani, kutambua udhaifu unaotokana na mipangilio ya kiwandani, na kuchukua hatua za kujilinda nyumbani au mahali pake pa biashara.

Jina hugeuzwaje kuwa anwani?

Kompyuta hutambuana kwa namba, si kwa majina. Mtumiaji anapoandika jina la tovuti ya benki yake, simu au kompyuta yake huiuliza kwanza seva ya majina, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayompatia intaneti. Seva hiyo hujibu kwa kutaja anwani ya namba, ndipo mawasiliano yanapoanza. Ikiwa haina jibu, nayo huuliza seva nyingine, kisha hulihifadhi jibu kwa muda ili wateja wengine wasisubiri. Mfumo huu umetumika tangu miaka ya 1980.

Hatari hutokea jibu la uongo linapohifadhiwa. Kila mteja atakayeuliza jina hilo atapelekwa kwa mlaghai, ilhali ameandika jina sahihi, herufi kwa herufi. Ndiyo maana tunasema kuwa umakini wa mtumiaji katika kuandika jina, japo ni wa lazima, hautoshi peke yake.

Funzo la mwaka 2008

Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Dan Kaminsky, aligundua kuwa programu nyingi za seva za majina zingeweza kudanganywa kwa urahisi usiotarajiwa. Kila swali linalotumwa na seva hubeba namba ya utambulisho, na jibu hukubaliwa likiwa na namba hiyo hiyo. Namba zinazowezekana ni 65,536 tu. Mlaghai angeweza kutuma majibu mengi ya uongo kwa haraka, akitumaini kwamba moja litalingana kabla jibu la kweli halijafika.

Zamani iliaminika kuwa mlaghai akikosea hulazimika kusubiri hadi jibu lililohifadhiwa limalize muda wake. Kaminsky alionyesha kuwa hakuna haja ya kusubiri: mlaghai angeweza kuuliza majina yasiyokuwapo ndani ya kikoa kile kile, moja baada ya jingine, na kujaribu upya kila mara hadi akiteke kikoa kizima.

Udhaifu huo ulizidishwa na mipangilio. Programu nyingi zilitumia lango moja lisilobadilika kutuma maswali yote, kwa hiyo mlaghai alibaki na namba moja tu ya kubahatisha. Zilikuwapo programu chache zilizokuwa zikibadilisha lango kila mara tangu awali, na hizo zilikuwa na kinga kubwa zaidi. Tarehe 8 Julai 2008 watengenezaji wakubwa walitoa marekebisho kwa pamoja ili lango nalo libadilike bila mpangilio. Wiki mbili baadaye, maelezo ya mbinu hiyo yalivuja. Kampuni zilizokuwa zimeshasasisha seva zao zilikuwa na kinga. Zilizochelewa ziliwaacha wateja wao hatarini.

Ruta ya nyumbani nayo ina mlango wake

Si lazima mlaghai aishambulie seva ya kampuni. Anaweza kuibadilisha ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, ili ipeleke maswali yote kwenye seva yake mwenyewe. Ruta nyingi huuzwa zikiwa na jina na neno la siri la kiwandani linalojulikana na kila mtu, na wanunuzi wengi hawalibadilishi.

Hivyo ndivyo ilivyofanya programu hasidi iliyoitwa DNSChanger. Ilibadilisha mipangilio ya seva za majina katika kompyuta zilizoambukizwa, na pia ilijaribu kuingia katika ruta kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani. Watuhumiwa walipokamatwa nchini Estonia mwezi Novemba 2011, ilikadiriwa kuwa kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeathirika. Ilibidi seva za muda ziendeshwe hadi tarehe 9 Julai 2012 ili waathirika wasikatiwe intaneti ghafla.

Hatua tunazoshauri

1. Badilisha neno la siri la kuingia katika mipangilio ya ruta mara unapoinunua. Hili si lile la kujiunga na Wi-Fi. Ni mawili tofauti.
2. Zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba, ikiwa huuhitaji.
3. Sasisha programu ya ruta. Ikiwa mtengenezaji ameacha kuitolea marekebisho, tafuta nyingine.
4. Angalia anwani za seva za majina zilizomo katika ruta, uzilinganishe na zile unazotajiwa na kampuni yako ya intaneti.
5. Kivinjari kikikuonya kuwa cheti cha usalama cha tovuti hakilingani na jina, usibonyeze kuendelea. Mlaghai anaweza kukupeleka kwenye seva yake, lakini ni vigumu kwake kupata cheti halali cha jina la benki yako.
6. Ukiona onyo hilo kwa Wi-Fi ya nyumbani lakini hulioni kwa data ya simu, ishuku ruta. Irudishe katika hali ya kiwandani, weka neno jipya la siri papo hapo, kisha badilisha maneno ya siri ya akaunti zako kwa kutumia mtandao mwingine. Ikiwa uliingiza taarifa za benki, piga simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako au fika tawini bila kuchelewa.

Vilevile, mtumiaji anayo haki ya kuiuliza kampuni yake kama seva zake zimesasishwa na kama zinahakiki saini za kidijitali za majina ya vikoa. Saini hizo zilianza kutumika katika ngazi ya juu kabisa ya mfumo mwezi Julai 2010.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kubadilisha neno la siri huchukua dakika chache. Kurejesha fedha zilizoibwa huweza kuchukua miezi, na pengine zisipatikane kabisa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuandika jina sahihi la tovuti hakutoshi kukulinda?
2. Kubadilisha lango bila mpangilio kulimzuiaje mlaghai?
3. Ruta yako inatumia neno gani la siri leo: lako au la kiwandani?