"Umeme umekatika": tafsiri ya onyo moja mjini Kamina

Nilipokuwa likizo nyumbani Kamina, mwenye kinu cha mahindi aliniomba nitafsiri onyo la Kifaransa lililobandikwa kwenye kisanduku kinachodhibiti kasi ya motere. Niliandika haraka: "Usifungue kabla umeme haujakatika." Fundi mzee akalisoma, akatikisa kichwa. "Mtoto wangu, hapa watu wanaumia umeme ukiwa umekatika."

Alikuwa na haki. Kasi ya motere kama ile hufuata frikwensi: ikiwa na ncha nne za sumaku, kwenye hezi 50, uga wake huzunguka mara 1500 kwa dakika. Ili kubadili kasi, kisanduku hugeuza mkondo geu wa waya kuwa mkondo mnyoofu, hulisha kapasita, kisha hutoa upya mkondo geu wenye frikwensi inayotakiwa. Kwa hezi 25, volteji nayo hushushwa karibu nusu, la sivyo motere hupata joto kupita kiasi. Kisanduku hupima volteji ya kapasita muda wote, na hujizima ikishuka au ikipanda mno. Kwenye laini ya volti 380, kapasita hubeba zaidi ya volti 500, na swichi ikizimwa hubaki nazo kwa dakika kadhaa.

Sasa irudieni sentensi yangu. Katika mazungumzo yetu "umeme" ni kitu kinachokuja na kuondoka mtaani. Neno hilohilo hubeba mkondo, volteji na nishati. "Kukatika" kuko katika kauli ya kutendeka, na -me- inatangaza kwamba jambo limekwisha. Kwa waya, sentensi ni kweli. Kwa kapasita ni uongo, maana humo hakuna kilichokatika: volteji inapungua polepole. Kamina ni mji wa reli iliyotiwa umeme wa volti 25,000; tumezoea kuogopa waya ulio juu, si sanduku lililozimwa.

Nilitafuta neno la kitaalamu, kumbe lilikuwa mfukoni mwa kila mtu mwenye simu: chaji. Simu ikichomolewa ukutani, chaji inabaki. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Kisha "hakikisha hakuna umeme". Kipimo kilichowekwa kwenye mkondo geu kinaweza kuonyesha karibu sufuri huku kapasita imejaa, na fundi ataamini amehakikisha. Kitenzi hicho kinamtaka awe na uhakika bila kumwambia apime nini. Nikaandika:

"ZIMA. Ndani bado kuna CHAJI. SUBIRI dakika zilizoandikwa kwenye kisanduku. PIMA volti za mkondo mnyoofu kati ya + na −. Zikiwa bado zipo, SUBIRI tena."

Fundi alikubali yote isipokuwa "mkondo mnyoofu". Alichukua kalamu, akayafuta maneno hayo, akachora alama iliyo kwenye kipimo chake: mstari mmoja mzima, na chini yake mstari wa vipande. Hivyo ndivyo karatasi ilivyobandikwa.