SOMO LA MWEZI: FUNGU LA WALIOBAKI KIJITONI

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 1 Samweli 30:1-25, Hesabu 8:23-26.

Lengo la somo: Kuonyesha ya kwamba mtu asiyeweza tena kushindana bado ana kazi na ana fungu, ila imempasa kuifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

 

Mwezi huu nataka tujifunze jambo ambalo mimi mwenyewe nililijifunza kwa aibu. Nitaanza na aibu hiyo, kisha tutafungua Biblia.

1. YALIYONIPATA GITEGA

Wengi wenu mnanijua kama mchungaji anayechechemea. Wachache wanajua ya kwamba nilipokuwa shuleni kule Uvira nilikuwa mkimbiaji. Mita 1500 na mita 5000 ndizo zilikuwa mbio zangu. Usiku ule tulipokimbia vita nilianguka mlimani nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, na goti langu likageuka. Nikatembea nalo hivyo hivyo mpaka tukavuka mpaka. Limepona kama linavyopona goti lisilomwona daktari: linanifikisha kanisani, lakini mbio halitaki.

Miaka michache iliyopita vijana wa makanisa walikuwa na mashindano ya riadha Gitega. Vijana wetu wanne walipata karatasi ya kutoka kambini hapa Muyinga, nami nikafuatana nao kama mlezi. Tulipita njia ya Karuzi, wao wakiimba, mimi nikitazama milima. Tulipofika, waandaaji walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea: wa kugawa maji, wa kuandika majina, wa kushika saa, wa kuzuia watoto wasikatize njia. Mimi nikapewa kazi ya kuhesabu mizunguko ya mbio za mita 5000.

Labda hujui kazi hiyo ni nini. Katika uwanja wenye njia ya mita 400, mbio za mita 5000 ni mizunguko 12 na nusu. Mkimbiaji ambaye kifua kinamwaka moto hawezi kuhesabu vizuri. Kwa hiyo anawekwa mtu mstarini wa kumhesabia, na kiongozi wa mbio akibakiza mzunguko mmoja, mtu huyo anagonga kengele. Mkimbiaji akisikia kengele anatoa nguvu zote alizobakiza, maana anaamini ya kwamba mwisho umefika.

Nilikubali kwa mdomo, lakini moyoni nilinung'unika. Nilijiambia, "Mimi niliyekuwa nashangiliwa, leo nimewekwa na kalamu na karatasi kama karani." Mbio zikaanza. Kijana wetu mmoja wa miaka 17 akaongoza. Nami badala ya kutazama karatasi nikatazama miguu yake. Nikawaza, "Mimi kwa umri wake ningekuwa nimewaacha mbali zaidi." Katika kuwaza huko nikaandika alama mbili mahali pa moja, nikagonga kengele wakati ilikuwa imebaki mizunguko miwili.

Kijana alikimbia mzunguko ule kama mshale, akafika mstarini amenyoosha mikono. Watu wakapiga kelele kwamba bado mmoja. Akajaribu kuendelea, miguu ikakataa. Wengine wakampita wote. Nilipomfuata alikuwa ameketi kwenye chokaa ya mstari. Hakunitukana. Alisema tu, "Baba mchungaji, uligonga kengele."

Wapendwa, mimi nilikuwa nikilia kwa ajili ya mbio zangu zilizopotea, na katika kilio hicho nikapoteza mbio za mtoto wa watu.

2. KIJITO CHA BESORI

Tusome sasa 1 Samweli 30. Daudi na watu wake walirudi Siklagi wakakuta mji umeteketezwa kwa moto, wake na watoto wao wamechukuliwa na Waamaleki. Walilia mpaka nguvu za kulia zikawaisha. Nani kati yetu hajui kilio cha namna hiyo? Hawa walikuwa watu waliopoteza nyumba, kama sisi.

Wakaanza kuwafuata adui, watu 600. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno, hawakuweza kuvuka. Angalieni vizuri: Biblia haiwaiti wavivu wala waoga. Walitembea safari ile ile, walilia kilio kile kile, na jamaa zao walikuwa wametekwa vile vile. Miili yao ndiyo iliyofika mwisho. Wakabaki na vyombo, na wale 400 wakaenda.

Vita vikashinda, wake na watoto wakarudishwa pamoja na nyara nyingi. Ndipo watu wengine waovu kati ya wale 400 wakasema: hawa hawakwenda nasi, kila mmoja apewe mke wake na watoto wake tu, aondoke. Daudi akakataa. Mstari wa 21 unasema aliwakaribia waliobaki, akawasalimu kwanza. Kisha akaamua ya kwamba aendaye vitani na abakiye na vyombo watagawana sawasawa, na neno hilo akaliweka kuwa sheria katika Israeli.

Tunaona mafundisho mawili hapa. La kwanza ni kwa waliochoka: vyombo vinahitaji mlinzi. Jeshi likirudi likute mizigo yake imeibwa, ushindi una faida gani? La pili ni kwa wenye nguvu: usimdharau aliyebaki. Vita vile ulikwenda mwepesi kwa sababu mzigo wako ulikuwa na mtu wa kuutunza.

3. MLAWI WA MIAKA 50

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Agano la Kale alitusomesha Hesabu 8:23-26 akatuambia tuangalie mambo mawili: kutumika na kulinda. Kazi ya Walawi katika hema ilikuwa na mizigo mizito. Jangwani walibeba mbao, nguzo na vyombo vitakatifu. Mungu aliweka umri: Mlawi akifika miaka 50 aiache ile kazi ya utumishi. Lakini hakuambiwa arudi kulala nyumbani. Aliambiwa awasaidie ndugu zake na kulinda.

Mungu alijua ya kwamba mabega huchoka. Hakumwonea Mlawi kwa kumlazimisha kubeba akiwa mzee, wala hakumtupa kwa sababu habebi. Alimbadilishia mahali pa kusimama. Na yule kijana aliyeanza kubeba alikuwa na mzee karibu naye, aliyejua ni kamba gani hukatika na ni njia gani huteleza.

4. WARUNDI WAWILI KULE ATLANTA

Nchi hii iliyotupokea ina habari yake inayofanana na hiyo, na ni vizuri watoto wetu waijue.

Dieudonné Kwizera alikuwa mkimbiaji wa Burundi. Mwaka 1988 Olimpiki ilifanyika Seoul, na mwaka 1992 Barcelona. Mara zote mbili hakuweza kwenda, kwa sababu nchi yake haikuwa bado na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Miguu alikuwa nayo, mlango ndio uliokosekana. Mwaka 1996, Burundi ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta, Kwizera alifuatana na timu kama kocha. Alikwenda kuwatumikia wenzake katika mashindano ambayo yeye aliyangoja miaka mingi.

Katika timu hiyo alikuwemo Vénuste Niyongabo, mmoja wa wakimbiaji bora wa mita 1500 duniani. Mwaka 1995 alikuwa amepata medali ya shaba katika mashindano ya dunia. Niyongabo akafanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea: nafasi yake ya mita 1500 akampa Kwizera, na yeye akaingia mita 5000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara mbili tu kabla ya hapo.

Kwizera alikimbia, akatoka katika duru ya kwanza. Lakini alikimbia. Na tarehe 3 Agosti 1996 Niyongabo alishinda mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 7.96, mbele ya Paul Bitok wa Kenya. Ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi, tena ya dhahabu. Nyumbani wakati huo vita vilikuwa vinaendelea, na serikali ilikuwa imepinduliwa siku chache tu kabla, tarehe 25 Julai.

Mimi nikisoma habari hiyo ninamwona mtu aliyekubali kubaki na vyombo, na ninamwona mwenye nguvu aliyemkumbuka. Besori yote imo humo.

Tuna mfano mwingine wa karibu na hali yetu. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro ilishindana timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, watu 10. Kati yao walikuwepo Wakongo wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili kutoka Bukavu. Kiongozi wa msafara alikuwa Mkenya, Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio ndefu za New York, mwaka 1994. Rio hakuvaa namba kifuani. Alikwenda kuhakikisha wakimbizi wanafika mstarini. Wakimbiaji 5 wa timu ile, wenye asili ya Sudan Kusini, walikuwa wamefanya mazoezi katika kambi yake ya michezo kule Kenya.

5. MAHARAGWE 12

Baada ya yale ya Gitega nilisema sitashika kazi ya uwanjani tena. Mama mchungaji akaniuliza, "Kwa hiyo mtoto amepoteza mbio, na sasa atapoteza na mtu wa kumhesabia?" Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, palikuwa na mbio hapa kambini. Vijana walipima mzunguko kwa kamba, wakaumwagia majivu. Nilimwendea yule kijana kwanza. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, nikamwomba pia ruhusa ya kuhesabu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hesabu, Baba mchungaji. Lakini utazame."

Nilitia maharagwe 12 katika mfuko wa kulia. Kila kiongozi wa mbio alipopita mstarini, nilihamisha moja kwenda mfuko wa kushoto. Sikutazama miguu ya mtu. Harage la mwisho lilipohama, nikagonga kile kipande cha rimu ya gari tunachotumia kama kengele. Kijana wetu alitoka wa tatu. Alinijia akihema, akauliza, "Leo ilikuwa mingapi?" Nikamwambia, "Kumi na miwili na nusu, mwanangu." Akacheka.

Sijawahi kupewa medali iliyonifurahisha kuliko kicheko kile.

6. TUFANYE NINI SISI?

Wapendwa, kambini tumejaa watu waliobaki kijitoni. Kuna aliyekuwa mwalimu na sasa hana darasa. Kuna aliyekuwa fundi na mkono wake umevunjika. Kuna mama aliyeongoza kwaya na sauti imemwacha. Kuna mzee aliyekuwa na ng'ombe na shamba, na leo anapanga foleni ya chakula pamoja na sisi wote. Shetani anawanong'oneza: wakati wako umekwisha, keti ulie.

Kulia si dhambi, Daudi mwenyewe alilia. Lakini fanya mambo haya matatu:

(a) Mwambie Mungu kwa jina lake kitu ulichopoteza. Mimi nilificha uchungu wa goti langu miaka mingi, nao ukatokea siku ya kuhesabu.

(b) Omba kazi iliyo karibu na ile uliyoipoteza. Mwalimu asiye na darasa anaweza kuwasikiliza watoto watatu wakisoma jioni. Mama wa kwaya anaweza kuwafundisha wasichana kupumua vizuri wanapoimba. Uzoefu wako haukubaki ng'ambo ya mpaka, ulivuka nao.

(c) Ukiipokea, itazame. Anayegawa maji agawe maji. Anayehesabu ahesabu. Kuna mtu anayekimbia kwa kuiamini kengele yako.

Na ninyi vijana mlio na nguvu: mkirudi na ushindi, fanyeni kama Daudi, waendeeni waliobaki muwasalimu kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA

1. Kwa nini wale watu 200 hawakuhesabiwa kuwa waoga?
2. Niyongabo alimpa Kwizera nafasi yake. Je, katika nyumba yetu ni nani anayengoja nafasi kwa muda mrefu?
3. Ni kazi gani uliyokuwa ukiifanya zamani ambayo huwezi tena? Ni kazi gani iliyo karibu nayo?
4. Je, kuna mtu aliyeumia kwa sababu ulifanya huduma yako kwa manung'uniko? Utamwendea lini?

SALA

Ee Bwana, wewe unajua mahali ambapo nguvu zetu ziliishia. Tufundishe kulinda vyombo vya ndugu zetu bila wivu, na utupe macho ya kuitazama kazi uliyotuwekea mkononi. Wabariki vijana wetu wanaokimbia, na utukutanishe sote siku ya kugawana fungu. Katika jina la Yesu, Amina.