Namba Rafiki: 17,296 na 18,416



Ndugu zangu, muhula uliopita nilitoa darsa nikamtaja Thabit ibn Qurra, mwenye kanuni ya namba rafiki, kuwa mwanachuoni Muislamu. Sikuwa nimehakiki. Alikuwa Msabii wa Harran aliyefanya kazi Baghdad, akafariki mwaka 901. Leo nasahihisha, pamoja na somo lenyewe.

Namba mbili ni rafiki ikiwa jumla ya vigawo vya kila moja, bila kuihesabu yenyewe, ni ile nyingine. Wagiriki waliijua jozi ya 220 na 284. Kanuni ya Thabit inatufikisha mbali zaidi.

Chukua 17,296, yaani 16 × 23 × 47. Vigawo vya 16 (1, 2, 4, 8, 16) jumla yake ni 31; vya 23 ni 24; vya 47 ni 48. Zidisha: 31 × 24 × 48 = 35,712. Toa 17,296, inabaki 18,416.

Sasa rudi. 18,416 ni 16 × 1,151, na 1,151 ni namba tasa. 31 × 1,152 = 35,712. Toa 18,416, inabaki 17,296.

Jozi hii aliionyesha Muislamu, Kamal al-Din al-Farisi, zaidi ya miaka 300 kabla ya Fermat kuitaja mwaka 1636.

Basi historia yetu haihitaji kutiwa chumvi. Elimu ni amana: tumpe kila mtu haki yake.

Wallahu a'lam.