Dawa Hufuata Maji: Kuchagua Kemikali za Mitambo ya Osmosisi Kinyume

Mitambo midogo ya kuchuja maji kwa njia ya osmosisi kinyume, ambayo mafundi wengi huiita kwa kifupi RO, hutumika majumbani, katika maduka ya kujazia madumu na katika viwanda vidogo vya maji ya chupa. Somo hili linawahusu wakazi wa Kata ya Mlandege wanaomiliki mitambo hiyo, na pia wanaonunua maji yake. Msingi wake ni mmoja: kemikali huchaguliwa baada ya maji kupimwa, wala si kwa kufuata jina lililosifiwa dukani.

Mtambo unavyofanya kazi

Pampu husukuma maji kwa nguvu dhidi ya utando mwembamba. Maji hupenya, lakini sehemu kubwa ya chumvi na vijidudu hubaki nyuma na kutolewa pamoja na maji ya taka. Kadiri maji yanavyopenya, yanayobaki huzidi kuwa mazito kwa chumvi. Hapo ndipo ukoko mweupe, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, huanza kujijenga juu ya utando. Tope, kutu na utelezi wa vijidudu navyo huuziba. Kila adui ana dawa yake, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu kwa utando wenyewe.

Klorini: rafiki wa bomba, adui wa utando

Chanzo kikuu cha maji ya bomba mjini Iringa ni Mto Ruaha Mdogo, na huduma hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Iringa (IRUWASA). Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasichafuke tena njiani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali mteja anapochotea.

Hata hivyo, tando nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa poliamidi, ambayo huliwa na klorini pole pole. Watengenezaji wengi hutaka maji yanayofika kwenye utando yawe na klorini isiyozidi miligramu 0.1 kwa lita. Utando ulioliwa hauponi kwa kuoshwa. Hutoa maji mengi kuliko awali, na mwenye mtambo hufurahi, ilhali chumvi na vijidudu vimeanza kupita.

Klorini huondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chujio la mkaa amilifu, linalofaa mitambo midogo, mradi libadilishwe kwa wakati. Ya pili ni sodiamu metabaisalfaiti ya daraja la chakula. Kwa kawaida miligramu 3 za dawa hii hutumika kwa kila miligramu 1 ya klorini. Tangi la lita 1,000 lenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita lina nusu gramu ya klorini. Hivyo linahitaji gramu 1.5 tu za dawa. Kijiko kilichojaa kwa kukadiria ni kupoteza fedha na kuharibu ladha ya maji. Anayetumia njia yoyote kati ya hizi apime klorini kabla ya utando, siyo bombani pekee.

Dawa ya kuzuia ukoko

Dawa hii hutiwa kwa vipimo vidogo, mara nyingi miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Huhitajika zaidi pale maji yanapokuwa magumu, yaani yale ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi. Maji ya mito ya nyanda za juu kwa kawaida huwa na chumvi kidogo kuliko maji ya visima virefu. Kwa hiyo mwenye kisima na mwenye bomba, hata wakiwa majirani, wasinunue dawa moja bila kupima. Kuzidisha dawa hii hakuongezi kinga. Baadhi yake hugeuka chakula cha vijidudu.

Kuosha utando

Dalili za kuosha ni tatu: maji safi kupungua kwa takriban asilimia 10, chumvi kuongezeka katika maji safi, au tofauti ya presha kati ya maji yanapoingia na yanapotoka kukua kwa asilimia 10 hadi 15. Bila daftari la vipimo vya kila siku, hakuna anayeweza kuziona.

Hapa pana jambo la kuzingatia Iringa. Kila nyuzi moja ya joto inapopungua katika maji, uzalishaji hushuka kwa takriban asilimia 3. Maji yakipoa kutoka nyuzi 24 hadi 17 katika miezi ya Juni na Julai, mtambo uliotoa lita 100 kwa saa hutoa takriban 80, ingawa utando ni safi kabisa. Kuuosha kwa sababu hiyo ni kuuchakaza bure. Joto la maji liandikwe daftarini pamoja na vipimo vingine.

Ukoko wa chokaa na kutu huondolewa kwa asidi ya sitriki, kwa kawaida mchanganyiko wa asilimia 2. Utelezi wa vijidudu na uchafu wa mimea, unaoongezeka wakati wa masika, huondolewa kwa dawa ya upande wa pili, kama kostiki soda iliyochanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji. Pale uchafu usipojulikana, dawa hii hutangulia na asidi hufuata, baada ya kusuuza vizuri. Maji ya kwanza baada ya kuosha humwagwa hadi vipimo virejee vya kawaida, hayauzwi.

Usalama

Asidi isichanganywe kamwe na jiki, kwani hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua. Asidi na metabaisalfaiti nazo hutoa gesi inayobana kifua. Dawa hutiwa ndani ya maji, si maji ndani ya dawa. Kemikali zikae katika vyombo vyake vyenye lebo. Chupa ya soda humdanganya mtoto.

Ununuzi ufanywe kwa muuzaji anayetambuliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Ofisi ya mamlaka hiyo kwa Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Lebo ionyeshe kuwa dawa inafaa kwa maji ya kunywa, pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Kwa mnunuzi wa maji

Maji yaliyotoka kwenye utando hayana tena klorini ya kuyalinda. Yakiingia katika dumu chafu, huchafuka upesi kuliko ya bomba. Mnunuzi ana haki ya kuuliza dumu lilioshwaje na maji yalipimwa lini. Maji ya chupa yawe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

Aidha, si kila nyumba inahitaji mtambo huu. Unafaa sana penye chumvi nyingi, kama visima vya pwani, au penye floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha. Mitambo mingi ya nyumbani hutupa nusu ya maji au zaidi. Kwa anayepata maji ya bomba yaliyotakaswa, kuyachemsha na kuyahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko kwaweza kutosha. Kabla ya kununua mtambo au dawa yake, fedha ya kwanza itumike kupima maji.